Dumu la maji la shilingi mia tatu

Sahani ya wali maharage kwangu sasa ni shilingi 2,500. Nilianza kuiuza 1,500, ikawa 2,000, na siku ya kuandika 2,500 kwenye kibao nilikaa na chaki mkononi mpaka maharage yakaanza kushika chini. Mchana huo mteja wangu wa kwanza alikuwa kijana wa gereji ya ng'ambo. Alisoma kibao, akatazama pembeni, kisha akanisogelea na kusema kwa sauti ya chini, "Mama, nipimie wa elfu na mia tano tu. Hata ukiwa kidogo sawa."

Nikampimia. Kijana ameshinda chini ya magari tangu asubuhi, anakula wali wa kumshibisha mtoto wa darasa la pili, na aliyeshika upawa ni mimi. Usiku ule sikulala vizuri, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Mimi ni mama lishe, huu ni mwaka wa kumi na nne. Sitataja kata wala soko ninalofanyia kazi, kwa kuwa ninayotaka kuyasema yapo katika masoko mengi ya Dar es Salaam, na humo maofisini wapo watu walionisaidia kwa moyo. Nitataja hesabu tu. Nina kaunta buku ambalo kila jioni, kabla ya kuvua aproni, naandika nilichonunua, nilichouza na nilichotoa kwa mambo mengine. Nilianza kwa sababu ya kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, mhasibu wetu alitutaka kila mmoja aandike. Nikazoea.

Ukifungua daftari hilo unaona jinsi mji ulivyobadilika. Mwaka 2021 kilo ya mchele niliandika 1,700. Mwishoni mwa 2022 nimeandika 3,000, tena nimeipigia mstari mara mbili. Mafuta ya kula ya mwaka huo sitaki hata kuyakumbuka. Mei 2022 petroli ilipita shilingi 3,000 kwa lita hapa Dar, na ingawa serikali iliweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni, mwenye guta alikuwa ameshapandisha nauli ya mzigo, na nauli ya mzigo ikishapanda huwa hairudi. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipozuia miwa kuvunwa, sukari niliinunua 4,500. Chai ya maziwa nikaiacha kwa wiki tatu.

Hayo siyadai kwa halmashauri. Nasema wazi kwa sababu mazungumzo yetu sokoni huishia hapo hapo, "serikali ishushe bei," halafu kila mtu anarudi kwenye jiko lake na hakuna kilichofanyika. Diwani hana bomba la mafuta nyumbani kwake. Mkurugenzi wa manispaa halimi miwa. Kwa hiyo jioni moja nilichukua rula nikagawa ukurasa. Upande wa kushoto niliandika vitu ambavyo bei yake inatoka shambani, bandarini au ng'ambo. Upande wa kulia nikaandika gharama ambazo mtu mwenye uwezo wa kuziondoa anakaa ofisi niifikiayo kwa daladala moja. Nilidhani kulia patakuwa na vitu viwili vitatu. Nilijaza ukurasa nikageuza.

Nianze na maji.

Oktoba 2021, wamachinga na mama lishe wa mji huu walipoondolewa kando ya barabara, nami nilihama. Sikupinga. Kupika na jiko la mkaa pembeni mwa daladala zinazokata kona si jambo la kulitetea, na miaka yote ile ya kukunja turubai mgambo wanapotokea sikuipenda. Nilipewa nafasi yenye namba katika eneo lililotengwa. Palikuwa na namba chini, basi. Hapakuwa na bomba, choo, kivuli wala mteja. Miezi mitano baadaye karibu nusu yetu tulishatawanyika. Wengine walirudi barabarani, mimi nikaingia soko hili nililopo, ndani ya banda.

Sokoni lipo bomba. Limejengewa vizuri, na sakafu ya zege na mfereji wa kutolea maji machafu. Halijawahi kutoa tone tangu nifike. Hivyo tunanunua kwa vijana wa mikokoteni, dumu la lita 20 shilingi 300. Mimi kwa siku natumia madumu manane: kuosha mchele, kuchemsha maharage, vyombo, maji ya wateja kunawa. Hiyo ni 2,400 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 62,400. Na hiyo ni bei ya amani. Mto Ruvu ulipopungua Oktoba 2022 na jiji likaingia kwenye mgawo, nilinunua dumu hadi 700.

Sasa fanya hesabu hii pamoja nami. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50. Kwa mkokoteni, uniti moja inanigharimu 15,000. Mwenye bomba nyumbani halipi hata robo ya hiyo kwa uniti. Tuko kina mama kumi na wawili tunaopika katika banda lile, na kila mmoja anasukuma mkokoteni wa mtu kwa fedha yake kila siku ya Mungu, wakati bomba limesimama hapo na kutu yake. Sina neno baya kwa wale vijana wa maji, wanaamka saa kumi alfajiri na migongo yao naiona. Lakini mji hauwezi kupanga soko la chakula kisha ukaacha maji yawe shughuli binafsi ya kila mpishi.

Choo ndilo jambo la pili, na ni gumu kidogo kuliandika ila nitaliandika. Choo cha soko kimekodishwa kwa mzabuni. Anatoza 300 kila anayeingia, pamoja na sisi tunaolipa ushuru wa soko. Mimi na binti anayenisaidia, mara tatu kila mmoja kwa siku, ni 1,800. Binti huyo ana miaka ishirini na mbili. Niligundua ameanza kuacha kunywa maji kuanzia asubuhi mpaka tunafunga, na huyo anasimama mbele ya moto siku nzima. Nilipomuuliza alisema, "Mama, nakuokolea hela." Nikamwambia kuanzia leo chooni unakwenda kwa hela ya biashara, na nisisikie tena habari ya kuokoa.

Mzabuni naye ana lake. Analipa halmashauri kila mwezi, ananunua sabuni, ananunua maji kwa mkokoteni kama mimi. Kinachohitajika ni kifungu kimoja katika mkataba wake kwamba wafanyabiashara wenye vizimba, yaani nafasi za biashara ndani ya soko, wanaingia bure, au wanalipa kidogo kwa mwezi. Mikataba hiyo hutiwa saini upya. Inapotiwa saini upya, hakuna anayetuuliza.

Tatu ni kizimba chenyewe, na hapa naomba uvumilivu kwa sababu ndipo hasira yangu ilipo.

Kizimba ninachopikia si changu. Kina jina la mtu ambaye sijamwona akiuza hata nyanya sokoni. Yeye analipa halmashauri 50,000 kwa mwezi, risiti nimeiona kwa macho yangu, na mimi namlipa yeye 150,000. Shilingi laki moja kila mwezi inatoka kwenye sufuria yangu kwenda kwa mtu ambaye kazi yake ni kuwa na jina. Watu sokoni wanamwita mwenye kizimba, na mimi nimekuwa mpangaji wa mpangaji. Nimeuliza masoko mengine ninaponunua vitu, kule kwenye nafaka na kwenye ndizi, kila mahali wanacheka kwa uchungu na kusema, "Hata huku." Halmashauri inadhani imetoa nafasi ya bei nafuu kwa mfanyabiashara mdogo. Kwenye vitabu vyake ni kweli imetoa. Unafuu umeishia njiani.

Kuondoa jambo hili hakuhitaji mhisani wala bajeti mpya. Orodha ya vizimba, namba, jina la mwenyewe na kiasi anacholipa, ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya soko. Afisa apite na orodha hiyo saa tano asubuhi, siku yoyote, aulize anayepika au anayeuza hapo ni nani. Wiki mbili tu. Mzee mmoja muuza viungo, ambaye yupo sokoni tangu mimi nikiwa msichana, aliniambia kwamba zamani orodha ilikuwa ikibandikwa, kwenye ubao wenye kioo. Ubao bado upo. Umebandikwa tangazo la kuuza kiwanja.

Nne, hatuna stoo. Kila jioni napakia sufuria, mtungi wa gesi, hotipoti na unga uliobaki kwenye bodaboda, 3,000, na asubuhi naombea vyote vifike. Hapa panaungana na habari ya mkopo.

Wengi mnajua kwamba kwa mujibu wa sheria, tangu 2018, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mimi naipenda sheria hii. Nimekopa kwa watu wa mitaani wanaochukua kadi ya benki na kitambulisho chako, najua riba inavyomtafuna mtu, kwa hiyo mkopo usio na riba kwangu ni jambo la heshima kubwa. Mwishoni mwa 2022 tulijiunga watano: mimi, jirani yangu wa chapati, wawili wa juisi na mmoja wa samaki wa kukaanga. Katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, barua ya serikali ya mtaa, akaunti ya benki, andiko la biashara. Nilikwenda ofisini mara saba. Mara ya tatu karatasi ilikuwa na muhuri wa mtaa lakini haina wa kata. Mara ya tano mhusika alikuwa semina. Kila safari ni nauli na ni siku ambayo jiko halijawashwa, na siku ambayo sijapika wateja wangu wanakwenda kula kwingine, wengine hawarudi.

Aprili 2023 mikopo ikasimamishwa nchi nzima. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilikuwa zimeonyesha fedha nyingi hazirejeshwi, na vikundi vingine havikuonekana vilipo. Ilibidi isimamishwe, nakubali. Ila kikundi hewa hakikupoteza kitu, waliopoteza ni sisi tuliokuwa hai tumesimama kwenye foleni. Iliporudi 2024, na utaratibu mpya, tukaambiwa tuanze upya. Wawili wa juisi walikata tamaa, tukawatafuta wengine.

Tulipata. Nashukuru, na narejesha kila mwezi bila kukosa. Dada wa maendeleo ya jamii aliyetushika mkono mara ya pili alikuja mwenyewe sokoni, akakaa kwenye benchi langu, akatusaidia kuandika andiko mchana mmoja. Mchana mmoja kwenye benchi ulifanya kazi iliyoshindikana kwa safari saba. Kama kuna mkurugenzi anasoma hapa, naomba alichukue hili kuliko yote: watumeni maafisa wenu sokoni na muhuri wao, siku moja kwa wiki, wakae nasi. Leseni, taka, mikopo, vitambulisho, yote yaishie hapo kwenye benchi.

Kwa mkopo ule tulianza kununua pamoja. Tunakodi kirikuu moja, gari dogo la mizigo, hadi soko la Tandale, tunachukua mchele na maharage kwa magunia, na nauli ya mzigo kwangu imeshuka kutoka 7,000 hadi 3,000. Tungeweza kununua ya mwezi mzima wakati wa mavuno bei ikiwa chini, kama wanavyofanya wenye maduka makubwa. Tuyaweke wapi? Magunia matatu ya mwisho yalilala chumbani kwa jirani yangu wa chapati, pamoja na watoto wake wanne. Panya walifika kabla ya wateja. Halmashauri imetupa fedha ya kununua kwa jumla, na nyuma ya banda letu kuna chumba cha halmashauri chenye kufuli, kimejaa viti vilivyovunjika.

Naona nimeongea sana kuhusu wajibu wa wengine, niseme na wetu. Sikatai kulipa. Taka zikizolewa nalipa ada ya taka bila mtu kunifuata. Shida yangu ni kulipa leseni ya biashara kwa mkupuo, tena Januari, mwezi ambao kila mzazi ana ada na sare na wateja wenyewe wanakula mihogo kwao. Angalieni kodi ya majengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU ya umeme, ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikawa 1,500. Sipendi kwamba kwenye nyumba nyingi anayekatwa ni mpangaji na si mwenye nyumba, na hilo nitaliandikia siku yake. Lakini kidogo kidogo kila mwezi hakuna aliyekimbia. Kama umeme unaweza kubeba kodi, leseni ya biashara yangu inaweza kulipwa kwa simu kwa miezi kumi na miwili.

Na kwa anayesema ushuru wa halmashauri ni mdogo mno kugusa bei ya chakula, nitamwambia habari ya mama yangu. Yuko Ifakara. Zamani alipokuwa akinitumia mchele, magunia mawili tu ya nyumbani, ilibidi yalipiwe ushuru njiani, na aliyeyaleta alikuwa na hadithi ya kila kizuizi. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya chakula ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 2, na mzigo usiozidi tani moja ukaruhusiwa kuvuka halmashauri bila ushuru. Mama alinipigia simu kana kwamba kuna harusi. Mchele ule ulinivusha miezi miwili bila kupandisha sahani. Halmashauri ziliachia ushuru wa gunia, na mteja wangu wa Dar akala.

Turudi kwenye daftari. Maji 2,400 na choo 1,800, hiyo ni 4,200 kwa siku. Laki moja ya mwenye jina, ukiigawa kwa siku 26, ni kama 3,850. Bodaboda ya vyombo 3,000. Jumla 11,050. Mimi nauza sahani kama sabini kwa siku. Gawanya. Inakuja shilingi 158 kwa kila sahani.

Ile mia tano niliyompandishia kijana wa gereji, karibu theluthi yake imo humo. Haikutoka kwenye vita ya Ukraine wala haikutoka kwenye mvua. Imo kwenye bomba, mlango wa choo, orodha isiyobandikwa na chumba cha viti vibovu.

Mwezi uliopita ulipoitishwa mkutano wa mtaa nilikwenda na kaunta buku langu. Mwenyekiti wetu, aliyeingia kwenye uchaguzi wa Novemba 2024, ni kijana mpole, anasikiliza. Nilisimama nikasoma hesabu ya maji peke yake, elfu sitini na mbili na mia nne, mara akina mama kumi na wawili. Mzee mmoja mstaafu akauliza, "Mama, hizo namba umezitoa wapi?" Nikamkabidhi daftari. Akaweka miwani, akafungua, akasoma kurasa mbili nzima mkutano ukimsubiri. Kisha akasema, "Mwenyekiti, hizi ni kweli. Andika."

Tumepeleka barua, nakala kwa mtendaji wa kata, kwa diwani na kwa mkuu wa soko, tumeomba kwanza bomba, halafu orodha. Nakala yangu ina muhuri wa kupokelewa. Alhamisi fundi alikuja kupima. Bomba kuu linapita nje ya ukuta wa soko, upande wa barabara. Nilitembea naye nikihesabu, kutoka kwenye alama aliyoichora mpaka kwenye jiko langu. Ni hatua arobaini na mbili.